Binti yangu ameadhibiwa kwa kutunza Sabato. Nifanyeje kabla shule hazijafunguliwa?

MamaWaKidatoChaTatu:
Nimengoja jua litue ndipo niandike. Binti yangu yuko kidato cha tatu, shule ya bweni ya umma huku Nyanza. Jina la shule naliacha. Muhula uliopita waliwekewa mtihani wa hesabu Jumamosi saa mbili asubuhi. Yeye na wenzake wanne wakabaki bwenini na Biblia zao. Jumatatu akapewa sifuri, akaambiwa alime nyuma ya jikoni hadi Ijumaa, nami nikaitwa. Naibu wa mwalimu mkuu akaniuliza kama nataka mtoto asome au aombe. Mtoto huyu siku nyingine zote huamka saa kumi alfajiri kusoma! Nilitaka kumwambia hivyo, machozi yakanikaba.

Alipofika nyumbani nilimshika mikono. Malengelenge mawili yamepasuka kwenye kiganja cha kulia, chini ya vidole. Hajalalamika. Ameniuliza tu, "Mama, wakiweka tena mtihani Jumamosi, niende?" Sijamjibu hadi leo.

MwalimuMstaafu:
Pole sana, mama. Usiende huko na maneno matupu, nenda na karatasi. Machi 2017 Mahakama ya Rufaa jijini Nairobi iliamua kesi ya Kanisa la Waadventista dhidi ya Waziri wa Elimu kuhusu jambo hili hili. Mahakama Kuu ilikuwa imewakatalia. Majaji wa rufaa wakatengua uamuzi huo, wakasema wanafunzi Wasabato waachwe watunze Sabato kuanzia machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi. Soma pia Kifungu cha 32 cha Katiba: mtu asilazimishwe kutenda jambo linalopingana na imani yake.

Andika barua ya ukurasa mmoja, iwe na adabu. Wewe mwenyewe ndiye uombe mtihani wa Jumamosi aufanye Jumapili au Jumatatu. Peleka nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa shule uondoke nayo. Nimefundisha miaka 31. Wakuu wengi hawaichukii Sabato, wanaogopa kuonekana na bodi kwamba shule imewashinda. Barua iliyogongwa muhuri inawapa pa kusimama.

MzaziMwenzenu:
Mimi ni Mkatoliki na nauliza kwa nia njema. Wangu anasoma Jumamosi. Tukiwaruhusu ninyi, wa Ijumaa nao watataka yao. Ratiba itabaki na nini?

KijanaWaKampala:
Ndugu, hoja kama hiyo ilituangusha huku Uganda. Sharon Dimanche na wenzake wawili walikishtaki Chuo Kikuu cha Makerere kwa sababu ya masomo na mitihani ya Jumamosi. Mahakama ya Katiba ikawakatalia 2003, Mahakama ya Juu nayo 2006. Mimi nilisoma chuo kingine. Mtihani mmoja uliangukia Sabato, sikuuandika, nikahitimu mwaka mzima nyuma ya wenzangu. Mama, shika hukumu yenu ya 2017 kwa mikono miwili. Sisi hatuna ya namna hiyo.

MwalimuMstaafu:
Mzazi mwenzetu, swali lako ni la haki. Ila tazama ratiba ya shule ya mtoto wako: Jumapili asubuhi kuna mtihani? Hakuna, na hakuna aliyewahi kuuliza ratiba itabaki na nini. Kule Tennessee, Marekani, mkulima mmoja Msabato, R. M. King, alishtakiwa 1889 kwa kulima shamba lake Jumapili. Jumamosi alipumzika kwa imani yake, Jumapili wakataka apumzike kwa sheria, na mahindi hayangoji. Alitozwa faini ya dola 75. Akafa 1891, rufaa yake haijaisha.

MzaziMwenzenu:
Hilo la Jumapili sikuwahi kulifikiria. Mama, mwambie binti pole.

MamaWaKidatoChaTatu:
Asanteni, na mzazi mwenzangu nimefikisha pole yako. Barua nimeiandika usiku huu mezani, yeye akinisomea tarehe na Kifungu. Nimemjibu: usiende, na barua nitaipeleka mimi, si wewe. Mwalimu, swali moja la mwisho. Nimwombe mchungaji naye atie sahihi, au sahihi ya mzazi yatosha?

MwalimuMstaafu:
Yako inatosha. Ya mchungaji iambatanishwe kwenye karatasi yake. Na shule ikifunguliwa, fika siku ya kwanza, kabla ratiba ya mitihani haijabandikwa ubaoni.