Naomba ushauri: kufua shaba mbele ya wageni

Wandugu, jambo kwenu. Mimi ni fundi wa picha za shaba hapa Lubumbashi, mtaa wa Katuba. Nyumba moja ya sanaa mjini inataka nihamishie karakana yangu kwao, wageni waingie kunitazama nikifanya kazi. Wanasema ni kama Torpedo Factory ya Alexandria, Virginia, kule Marekani, kiwanda cha zamani cha silaha ambamo wasanii wanafanya kazi milango wazi tangu 1974. Natamani kukubali, maana mtu akishaona jasho la fundi habishani bei sana.

Shida ni moto. Bati la shaba nikiligonga linakakamaa, lazima nilipashe tena lilainike, ndipo niendelee kugonga upande wa nyuma ili sura itokeze mbele. Na likishaacha kuwa jekundu, huwezi kujua kwa macho kama bado linaunguza. Jumamosi tunazojaribu nimefunga kamba na kuweka kibao, lakini watoto wanapita chini yake. Kupasha yote asubuhi nako hakusaidii, kwa sababu bati linadai moto tena katikati ya kazi.

Ninyi mliozoea kufanya kazi mbele ya watu, saa za moto na saa za wageni mnazipangaje? Na mgeni akitaka kupiga picha mchoro ambao haujakwisha, mnamkataza au mnamwachia? Naogopa kuigwa kabla sijauza. Wenye nyumba wanasubiri jibu langu mwisho wa mwezi huu.