Naomba ushauri: baindingi za Python za SDL, kutoka SDL2 kwenda SDL3

mtunza_maktaba
Wakuu, heshima kwenu. Natunza baindingi (msimbo wa daraja kati ya lugha mbili) za Python za SDL, ile maktaba ya C ya picha, sauti na vidhibiti vya michezo iliyoanzishwa na Sam Lantinga mwaka 1998. Zimeandikwa kwa mkono, kwa ctypes, moduli ya Python ya kuita msimbo wa C. SDL3 imekuwa toleo thabiti tangu Januari 2025 (3.2.0) na watumiaji wanauliza tunahamia lini.

Kubadilisha majina, mfano SDL_RenderCopy kuwa SDL_RenderTexture, ni kazi ya kuchosha tu. Ninachohofia ni mabadiliko yasiyotoa kosa lolote. Je, pakeji moja ibebe matoleo yote mawili, au nigawe? Na kuandika kwa mkono bado kunafaa? Wenye msimbo wa zamani sitaki kuwatupa. Nawasilisha.

kitanzi_huru
Gawa mkuu. Kwenye SDL2 funksheni nyingi hurudisha 0 zikifaulu na namba hasi zikishindwa. SDL3 zinarudisha bool: true ndiyo kufaulu. Mwenye `if SDL_Init(...) < 0` akihamia, programu yake itawaka kama kawaida, ila makosa hayataonekana tena. Aliyeandika `!= 0` ataambiwa imeshindwa kila inapofaulu. Jina lilelile likiwa na maana mbili ndani ya pakeji moja, umewatega watu.

Ya zamani iache hai, uirekebishe hitilafu tu. Tena ipo sdl2-compat, inayoendesha programu za SDL2 juu ya SDL3, kwa hiyo hutakuwa umemtupa mtu.

dada_msimbo
Naunga mkono kugawa. Kuhusu mkono: tabaka la chini lizalishwe na programu. Tumia libclang, maktaba ya kuchambua msimbo wa C, isome mafaili ya heda (yanayotangaza funksheni za SDL) na kutoa argtypes na restype, yaani aina za vinavyoingia na kinachorudishwa, za kila funksheni. Usipotaja restype, ctypes inachukulia ni int, na pointa (anwani ya kumbukumbu) ya biti 64 inakatwa nusu. Bool nayo iwe c_bool, ni baiti moja. Halafu SDL_Event sasa ni baiti 128. Ukiacha ukubwa wa SDL2, SDL_PollEvent itaandika nje ya kumbukumbu uliyotenga, na programu itaanguka mahali pasipohusiana kabisa na tatizo.

Kinachonifurahisha ni maelezo ya heda za SDL3: yanasema funksheni imeanza toleo gani na kama ni salama kuiita kutoka thredi nyingine. Yabebe yote hadi kwenye docstring, maelezo ya ndani ya funksheni ya Python.

Ila umiliki wa kumbukumbu mashine haitaujua, huo ni wako. Angalia SDL_GetClipboardText: mstari wa maandishi unaorudishwa lazima uachiwe kwa SDL_free. Ukiweka restype ya c_char_p, Python inakupa bytes na pointa yenyewe imepotea, hivyo kila mwito unavuja. Weka c_void_p, nakili maandishi, kisha achia. SDL_GetError kinyume chake, ule mstari ni wa SDL, usiuguse.

mtunza_maktaba
Ahsante sana dada, hilo la c_char_p nitaanza nalo leo. Na sauti je? Watumiaji wengi wanapitisha funksheni ya Python iitwe na SDL.

dada_msimbo
Mambo mawili. Kitu kinachotoka CFUNCTYPE, yaani funksheni ya Python iliyofungwa ili C iweze kuiita, kihifadhiwe ndani ya objekti ya kifaa cha sauti. Kikifagiliwa na Python wakati C bado inakiita, programu inaanguka. Pili, mwito huo unatoka kwenye thredi ya sauti na lazima usubiri GIL (kufuli la Python linaloruhusu thredi moja tu kwa wakati), ndipo sauti inapokatika. SDL3 ina SDL_AudioStream: fanya njia kuu iwe kusukuma data kwa SDL_PutAudioStreamData, mwito ubaki kwa anayeuhitaji kweli.

kitanzi_huru
Nyongeza ya majaribio: weka vigezo vya mazingira SDL_VIDEO_DRIVER na SDL_AUDIO_DRIVER viwe dummy (draiva bandia), seva isiyo na skrini wala spika itapima karibu kila kitu. Anza na jaribio linalolazimisha SDL_Init ishindwe, kwa kuipa jina la draiva lisilokuwepo, uone kama tabaka lako la juu linarusha kosa.

mtunza_maktaba
Nimeelewa. SDL3 inapata pakeji yake, na kila funksheni ambayo false yake humaanisha imeshindwa itarusha kosa lenye maneno ya SDL_GetError. Nikimaliza heda ya sauti nitaileta hapa muikague.