Re: Amecheleweshewa vipimo miezi 5, fidia inawezekana huku Kampala?

*Mama J, Bweyogerere:*

Habarini wandugu. Mdogo wangu alikuja kutoka Kisumu mwaka jana kutafuta kazi. Tangu mwezi wa pili analalamika mgongo, jioni homa, usiku jasho mpaka shuka unaweza kulikamua. Kliniki ya hapa jirani ikamtibu malaria, ikaja taifodi, ikarudi malaria, yaani miezi 5 ni musujja tu, homa kama wanavyoiita huku. Sa hii miguu haina nguvu ndo akapelekwa MRI, kumbe ni TB ya uti wa mgongo. Kuna mtu ameshawahi kudai fidia huku? Na sisi si raia, watatusikiliza kweli?

*Baba wa Kansanga:*

Pole sana dada, mfikishie na mgonjwa. Uraia usikutie wasiwasi, korti ya hapa inamsikiliza yeyote aliyeumizwa hapa. Shida ni akirudi Kisumu, wale wa kliniki wanaweza kuiomba korti imwambie aweke kwanza dhamana ya gharama za kesi, kwa hiyo kama anaweza kukaa akae, na akishindwa akuachie hati ya uwakili.

Mimi yangu ilikuwa brusela, ya maziwa yasiyochemka, tena hospitali ya serikali, wiki 7 nameza dawa za malaria na taifodi. Bado ninacho kile kitabu cha shule nilichonunua getini wakawa wananiandikia humo. Ukurasa wa kwanza malaria, wa pili Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi, 1:160, wa tatu malaria tena, kila siku mwandiko mwingine na hakuna hata mmoja aliyefunua nyuma aone mwenzake aliandika nini. Widal peke yake haithibitishi taifodi lakini huku wanaipenda kama chai. Wakili alivyokiona kile kitabu alichangamka, akauliza ilikuwa lini, nikamwambia miaka miwili na nusu imepita. Akakifunga. Serikali na wilaya unazishtaki ndani ya miaka 2, kliniki ya binafsi kwa madhara ya mwili ni miaka 3, na mimi nilikuwa nasubiri nipone vizuri kwanza!

Nyinyi ni ya binafsi, mna muda, ila makaratasi msichelewe. Kliniki nyingi zinabaki na faili, mgonjwa anapewa risiti tu. Ombeni nakala kwa barua, mbaki na kopi iliyogongwa muhuri, na meseji za mobile money mlizolipia msifute, zina tarehe.

Sasa pagumu. Korti haitalipa kwa sababu aliugua TB, TB hakupewa na kliniki. Itauliza daktari mwenye akili timamu angeshtuka lini, na angepimwa mapema hiyo miguu ingekuwaje. Hapo lazima bingwa aje aseme, na kumpata Kampala anayekubali kusimama kinyume cha mwenzake ni kazi, wengi wamesoma pamoja. Baraza la madaktari, UMDPC, mnaweza kulipelekea malalamiko, linamwadhibu daktari lakini fidia haitoki huko.

Na pesa usizihesabu kabla. Ile kesi ya hospitali ya wilaya ya Nakaseke, mama alifariki 2011 kwa kukosa daktari wakati wa kujifungua, hukumu ilitoka 2015, shilingi milioni 35.

*Ntinda:*

Naongezea kidogo. Dawa za TB serikalini ni bure, asiruke hata siku moja manake watasema mlijiumiza wenyewe. Wakili akikwambia "tutagawana fidia" mkimbie, sheria hapa haimruhusu kuchukua fungu. Jaribuni CEHURD, shirika la kutetea haki za afya, ndo waliopeleka hiyo ya Nakaseke.

*Mama J:*

Asanteni sana jamani, nimeandika yote. Kabla sijalala tu, kliniki wamepiga leo jioni, wapole kweli, nyabo (mama) hivi nyabo vile, wanasema watatupa milioni 2 za kumsaidia mgonjwa, twende kesho tusaini karatasi. Na sisi kodi ya nyumba inadaiwa.

*Baba wa Kansanga:*

Msisaini dada, hiyo karatasi ndo mwisho wa kesi. Nendeni, muombe mkaisome nyumbani, na mkiwa hapo hapo waachieni ile barua ya faili. Kodi tuongee pembeni, nipigie.