Kutembea vilima vya Chyulu, Kenya, kwa miguu: njia ikoje?

Mama wa Likoni: Habari zenu wadau. Julai nataka kupanda Chyulu na binti yangu wa miaka 12, tuingilie Kibwezi. Huko juu maji yapo?

Mzee wa Kibwezi: Karibuni sana, mwanangu. Maji bebeni ya kutosha, huko juu hakuna hata kijito. Vilima vile ni basalti, yaani mwamba wa volkano, yenye vitundu. Mvua inazama ardhini na kuibukia chemchemi za Mzima, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi. Ndiyo maji hayo yanayofika Mombasa kwa bomba! Njia ya mgongoni mwa vilima ina nyasi ndefu, na chini yake mawe makali yanayokata soli, kwa hiyo vaeni buti. Nyati wapo: msiende bila askari wa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) mwenye bunduki.

Msafiri: Mkifika Tsavo Magharibi pandeni na kreta ya Chaimu, kilima cha volkano chenye shimo juu. Ni fupi lakini changarawe nyeusi inateleza. Nendeni asubuhi, mawe hayajashika moto.

Mama wa Likoni: Shikamoo mzee, ahsante. Binti ataweza?

Mzee wa Kibwezi: Marahaba. Ataweza, mradi mwanze mapema na asiachwe nyuma kwenye nyasi.