Je, kupunguzwa kazini wakati wa kubadili muundo ni kuachishwa isivyo halali?

Swali: Ndugu zangu, mwajiri ameniachisha kazi akidai nafasi yangu imefutwa katika muundo mpya, ilhali ametangaza kazi ileile kwa cheo kingine. Je, naweza kudai haki?

Jibu: Pole sana. Kupunguzwa peke yake si kosa, kwa kuwa Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1982 unatambua mahitaji ya uendeshaji wa shughuli za mwajiri kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Lakini sababu hiyo lazima iwe ya kweli, na tangazo hilo linaitia shaka kubwa. Hifadhi nakala yake leo.

Jibu: Uliza pia ni vigezo gani vilitumika kuwachagua waliopunguzwa. Usitie saini hati yoyote ya kuacha madai kabla ya kuonana na wakili au chama cha wafanyakazi, tena upesi, kwani muda wa kufungua shauri huwa mfupi.