Woodstock kwenye Blu-ray imejaa chembechembe: ni kasoro ya diski au ndivyo filamu ilivyopigwa?

Mwalimu wa Gita, Mbale

Ndugu zangu, hamjambo? Naomba ushauri wa wenye ujuzi wa filamu za zamani za muziki.

Ninafundisha vijana gita na ngoma, na ninakusudia kuwaonyesha Woodstock, filamu ya Michael Wadleigh ya mwaka 1970 kuhusu tamasha kubwa la muziki lililofanyika Marekani mwaka 1969, kwa projekta katika ukumbi wa kanisa letu. Ninazo nakala tatu za toleo refu lililotolewa mwaka 1994. Ya kwanza ni DVD niliyoinunua zamani katika duka moja la Kampala. Ya pili ni Blu-ray, diski yenye picha kali kuliko DVD, ambayo mpwa wangu aliniletea kutoka ng'ambo. Ya tatu ni faili niliyonakiliwa kwenye flashi, ambayo jina lake linadai kuwa ni ya 4K, yaani yenye picha kali kuliko hata ya Blu-ray.

Kinachonitatiza ni kwamba DVD, ambayo ndiyo ya zamani na ya bei nafuu, ina picha laini isiyo na vumbi lolote, ilhali Blu-ray imejaa chembechembe zinazochezacheza, hasa wakati wa usiku bendi ya Sly and the Family Stone inapokuwa jukwaani. Jirani yangu aliyeitazama pamoja nami alisema bila kusita kwamba diski hiyo ni ya kughushi. Zaidi ya hayo, kuna sehemu ambazo picha ni nyembamba na imezungukwa na weusi pande zote mbili, na nyingine ambazo picha mbili au tatu zinaonekana kwa pamoja. Je, nakala ya filamu ya muziki hupimwa kwa vigezo gani, na kati ya hizi tatu ni ipi inayostahili kuonyeshwa wanafunzi?

Mpiga Picha wa Jinja

Mwalimu, Blu-ray yako usiitupe. Ili uipime kwa haki, inakupasa kwanza ujue filamu yenyewe ilipigwa kwa kamera gani na katika mwanga gani. Woodstock ilipigwa kwa mikanda ya milimita 16, kwa kamera ambazo wapigapicha waliweza kuzibeba begani huku wakipenya katikati ya watu na kupanda jukwaani, kisha picha hizo zikakuzwa ili zionyeshwe katika majumba makubwa ya sinema. Fremu ya mkanda huo, yaani kila picha moja moja, ni ndogo sana, hivyo ikikuzwa, chembe za kemikali zinazoijenga picha nazo hukua. Usiku, mwanga unapokuwa wa taa za jukwaa peke yake, chembe hizo huonekana wazi zaidi. Kwa hiyo unachokiona kwa Sly ndicho kilichomo mkandani tangu mwaka 1969, na diski inayokuonyesha hicho inafanya kazi yake kwa uaminifu.

Ulaini wa DVD yako unaweza kuwa na sababu mbili. Ya kwanza haina ubaya: DVD ina mistari 576 tu, au 480 kwa zile za mfumo wa Marekani, nayo haina nafasi ya kuzionyesha chembe ndogo namna hiyo. Ya pili ndiyo mbaya, nayo ni kwamba mtayarishaji alizifuta chembe kwa mashine. Mashine ya kufuta haijui tofauti ya chembe na kitambaa, wala ya chembe na vinyweleo vya ndevu, kwa hiyo huvifuta vyote pamoja na kuacha nyuso zinazong'aa kama nta ya mshumaa.

Ukitaka kulithibitisha hilo kwa macho yako, nenda moja kwa moja mwishoni, anapotokea mpiga gita Jimi Hendrix asubuhi ya Jumatatu. Amevaa koti jeupe lenye nyuzi ndefu zinazoning'inia mikononi, na kitambaa chekundu kichwani. Mtazame anapousogeza mkono kwenye shingo ya gita. Katika nakala nzuri utauona kila uzi peke yake, ukipishana na mwenzake na kutupa kivuli chake. Katika nakala iliyofutwa, nyuzi hizo hushikamana zikawa doa moja jeupe, na mkono ukienda kwa kasi huacha mkia wa ukungu nyuma yake. Usisimamishe picha unapopima jambo hili. Iache iendelee, maana picha iliyosimama huficha kasoro nyingi.

Kisha rudi kwenye picha za mchana, utazame minara ya vyuma inayobeba spika, iliyosimama dhidi ya anga. Ukiona mstari mweupe umeizunguka pembeni, ujue kuna mtu aliyeongeza ukali wa picha kwa nguvu. Kabla ya kuilaumu diski, hata hivyo, shusha kipimo cha ukali kwenye runinga au projekta yako, kwa sababu vifaa vingi hutoka kiwandani vikiwa vimewekwa ukali uliopita kiasi, pamoja na ile hali ya kulainisha mwendo inayoifanya sinema ifanane na taarifa ya habari. Hiyo nayo izime.

Kuhusu weusi wa pembeni, hiyo si kasoro hata kidogo. Wahariri, akiwemo Thelma Schoonmaker, waliipanga filamu hii makusudi kwa picha mbili au tatu zinazokwenda sambamba, na mahali penye picha moja waliiacha na umbo lake la asili. Usikubali kubonyeza kitufe cha kuijaza skrini, kwani utakata vichwa vya watu na mikono ya wapiga gita.

Fundi Sauti, Kampala

Ndugu wa Jinja ameeleza vizuri mambo ya macho, lakini mimi nasisitiza kwamba filamu ya muziki sikio ndilo liihukumu kwanza, na hasa kwa Mwalimu, ambaye wanafunzi wake watataka kupiga pamoja na filamu.

Sinema hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumika kwenye televisheni zetu hapa Uganda na katika sehemu kubwa ya Ulaya, unakwenda kwa fremu 25. Watengenezaji wengi wa DVD za PAL walitatua tofauti hiyo kwa njia nyepesi kabisa: waliiendesha filamu nzima kwa kasi zaidi, kwa takriban asilimia 4. Katika filamu ya mapigano hakuna atakayetambua. Katika muziki, mdundo unakuwa wa haraka kuliko ulivyopigwa, na sauti zote hupanda kwa zaidi kidogo ya theluthi mbili ya nusu toni. Wapo waliorekebisha ule upandaji wa sauti kwa mitambo, lakini kasi hubaki ileile.

Kipimo ni rahisi, nacho hakihitaji kifaa chochote. Tazama urefu wa filamu. Toleo refu la Woodstock ni la takriban dakika 224. Ukikuta DVD yako inaisha kwenye dakika ya 215 au karibu na hapo, bila kipande chochote kukatwa, basi imeharakishwa. Blu-ray huhifadhi fremu 24 kama zilivyo, hivyo dakika zake zinapaswa kuwa kamili.

Kwa Hendrix kuna mtego ambao Mwalimu anapaswa kuujua mapema. Alikuwa na desturi ya kulegeza nyuzi zote za gita lake kwa nusu toni. Nakala iliyoharakishwa humpandisha karibu nusu toni, kwa hiyo mwanafunzi mwenye gita lililowekwa kawaida atasikia kwamba anakaribiana sana na Hendrix, na atadhani kwamba ni nyuzi zake mwenyewe zilizoteleza kidogo. Atakaza na kulegeza hadi achoke. Pimeni kwa Santana au kwa The Who, bendi nyingine za tamasha hilo, badala yake, au linganisha na sauti ileile kwenye CD ya tamasha.

Jambo jingine: msitegemee sauti safi kama ya studio. Tamasha lilirekodiwa kwa mashine za njia nane, yaani zinazonasa sauti nane tofauti kwa pamoja, uwanjani, kukiwa na upepo na mvua. Mikwaruzo ya maikrofoni na mngurumo wa ampu ni sehemu ya rekodi. Kinachoonyesha nakala mbaya ni matoazi yanayochuruzika kama maji ya bomba, na besi isiyo na mwanzo wala mwisho. Hizo ni dalili za sauti iliyobanwa kupita kiasi.

Dada wa Arua

Ninakubaliana na mengi yaliyosemwa, ila kwa Fundi Sauti ninaongeza neno moja. Nakala yenye sauti ya njia sita, yaani iliyogawanywa kwa spika sita kumzunguka msikilizaji, si lazima iwe bora kwa ukumbi wa Mwalimu. Wachanganyaji wa sauti hupenda kuzitawanya kelele za umati nyuma ya msikilizaji, na mahali penye spika mbili tu mbele, kichezeshi hulazimika kuzikunja njia sita kuwa mbili, na mara nyingi sauti ya mwimbaji huzama. Kama menyu ya diski ina sauti ya njia mbili, ijaribu hiyo kwanza. Mwimbaji Joe Cocker atakufaa kwa jaribio hili, kwa kuwa ukali wa koo lake hupotea mapema sauti ikivurugwa.

Ile faili ya 4K ndiyo inayonitia mashaka zaidi. Mwalimu, tazama uzito wake. Filamu ya karibu saa nne ikiwekwa katika gigabaiti 2, kila sekunde inapata kama megabiti 1.2 tu za taarifa za picha na sauti, ilhali DVD huweza kufika karibu 10, na Blu-ray 40. Jina la faili haliwezi kuzirudisha taarifa zilizokwisha kutupwa. Tafuta ile dhoruba ya Jumapili, mvua inapowanyeshea watu na matope kuanza kuteleza, kisha zile picha za umati zilizopigwa kutoka juu. Mvua na maelfu ya vichwa vinavyotikisika ndivyo vitu vigumu kuliko vyote kuvibana. Katika faili dhaifu, umati hugeuka miraba miraba, na matone ya mvua hutoweka kabisa.

Vilevile msiipime Woodstock kwa The Last Waltz, filamu nyingine ya tamasha la muziki. Ile ya Martin Scorsese ilipigwa San Francisco mwaka 1976 kwa kamera za milimita 35, ndani ya ukumbi, taa zikiwa zimepangwa mapema na wapigapicha wakubwa wa Hollywood. Lazima iwe nyororo zaidi.

Mwalimu wa Gita, Mbale

Ninawashukuru sana. Nimefanya majaribio yote jana jioni pamoja na wanafunzi wakubwa. DVD inaisha kwenye dakika ya 215, na mwanafunzi aliyekuwa akipiga na Santana alilalamika tangu mwanzo kwamba hakuna nati inayomkubali. Tulipoweka Blu-ray alitulia papo hapo. Faili ya 4K tuliiacha wakati wa mvua, kwa maana nyuso za watu zilikuwa zimevunjika vipande vipande. Kuhusu nyuzi za koti la Hendrix, Ndugu wa Jinja, hata mpiga ngoma wetu, ambaye hajali kabisa mambo ya picha, aliomba tuirudie sehemu hiyo.

Limebaki swali moja. Wazee wa kanisa wamezoea vibanda vya video, ambako mkalimani huzungumza juu ya filamu, na wameomba nasi tuweke mtu wa kutafsiri. Mnashaurije?

Fundi Sauti, Kampala

Mkalimani azungumze kwenye mahojiano pekee, kwa maikrofoni yenye spika yake kando, anyamaze kabisa mwanamuziki yeyote anapoanza. Mahojiano ni mengi, naye atapata kazi ya kutosha. Filamu igaweni mara mbili, ili masikio yapumzike, na dirisha la upande wa magharibi liwekewe pazia zito, la sivyo usiku wa Sly utakuwa wa kijivu hata mkiwa na diski nzuri namna gani.