Amplifaya mbili, altaneta moja: nifunge ipi kwenye gari la abiria?

Karafuu_Chake:
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nina Toyota Noah ninayochukulia abiria kutoka gati ya Mkoani hadi Chake Chake, na mwisho wa wiki huikodisha kwa watu wa harusi, ambao hawataki kusikia habari ya gari lisilo na besi. Nimefunga amplifaya ya zamani ya klasi AB (klasi ni namna saketi yake inavyofanya kazi), nzito kama jiwe la kusagia, iliyoandikwa wati 1200 ubavuni na yenye fyuzi mbili za ampea 30. Alfajiri, ninaposubiri meli huku injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, taa za mbele hufifia kila besi inapopiga. Fundi amenipa kapasita (kifaa cha kuhifadhi umeme kwa muda mfupi) ya faradi moja niijaribu, na muuzaji mmoja ananishawishi ninunue amplifaya ndogo ya klasi D yenye fyuzi moja ya ampea 40. Je, hiyo ndogo italiweza sabufa langu, yaani spika la besi, au nitakuwa nimenunua kopo la biskuti?

FundiWaya:
Wa alaykum salaam. Maandishi ya ubavuni yasikushughulishe, sheikh wangu, soma fyuzi. Ampea 60 kwa volti 13.8 ni wati 828 zinazoingia, na kwa kuwa klasi AB hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, tukikadiria kwamba asilimia 55 tu ndiyo inayofika kwenye spika, unapata kama wati 455. Hizo 1200 zimechapwa, hazikupimwa. Sasa ichukue ile ndogo: ampea 40 kwa volti hizo hizo ni wati 552, lakini klasi D haiziachi transista zake zikae nusu wazi, bali huziwasha na kuzizima kama swichi makumi au mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, kwa hiyo upotevu ni mdogo na asilimia 85 hufika, yaani kama wati 469. Nguvu ni ile ile, ila altaneta yako, yaani jenereta inayozungushwa na injini, imepunguziwa ampea 20.

Kuhusu kapasita, hesabu haiisaidii. Volti zikishuka kutoka 14 hadi 12, kapasita ya faradi moja hutoa jouli 26, ambazo amplifaya yako ikiwa imeelemewa huzimaliza kwa takriban sekunde 0.03. Baada ya hapo altaneta ndiyo inayolazimika kuijaza tena.

Mwanakwerekwe_Sauti:
Nakubaliana na hesabu, lakini AB asiitupe. Mtu anayesikiliza taarabu, yenye ala ya nyuzi ya kanuni, fidla na sauti ya mwimbaji, atanielewa nikisema kwamba AB iliyo nzuri bado ninaipenda kwa spika za mbele, ambazo hazihitaji wati nyingi. Klasi D ibaki na besi. Klasi A msiitaje kabisa, kwani hupata moto hata muziki ukiwa umenyamaza, na joto letu linatutosha.

Bi_Mtambwe:
Kabla ya kununua chochote, mwanangu, pima. Weka mita ya kupimia volti kwenye betri, kisha kwenye amplifaya yenyewe, besi ikiwa inapiga. Marehemu mume wangu alikuwa fundi umeme wa magari Wete, na mara nyingi kosa alilikuta kwenye waya hasi uliofungwa juu ya rangi, au kwenye kichwa cha betri kilicholiwa na hewa ya chumvi. Waya pia usikudanganye kwa unene wa plastiki yake: shaba tupu ya milimita 8 za mraba, kwa mita 5, hupoteza volti 0.65 kwenye ampea 60, na ile ya 25 hupoteza 0.2 tu. Aluminiamu iliyopakwa shaba hupoteza zaidi. Na fyuzi kuu iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45; fyuzi iliyo nyuma kwenye amplifaya haiukingi waya unaopita chini ya miguu ya abiria.

KijanaWaKonde:
Mimi nina kigari cha mizigo cha volti 24. Naweza kuchukua 12 kwenye betri moja?

FundiWaya:
Usifanye hivyo. Betri moja itadhoofika na nyingine itajazwa kupita kiasi. Tafuta kibadilishaji cha 24 kwenda 12 kinachohimili ampea zako.

Karafuu_Chake:
Nimepima, Bi Mtambwe, nashukuru sana. Injini bila kukanyagwa, betri ilishuka hadi volti 12.4 na amplifaya ilibaki na 11.3, nilipokanyaga mafuta kidogo, betri ilikaa kwenye 13.8, lakini amplifaya haikupita 12.7. Kwa hiyo magonjwa ni mawili: altaneta haitoshi gari likisimama, na zaidi ya volti moja inapotea njiani hata likienda. Waya hasi niliukuta umekazwa juu ya rangi, kama ulivyosema, na skrubu yake ina kutu. Nimekwangua bati, nitabadilisha waya wiki hii, kisha ndipo ninunue ile ya klasi D kwa ajili ya sabufa. Kapasita nimemrudishia fundi ikiwa bado ndani ya boksi lake.